Tusimsingizie Marcus Aurelius

Aliyesoma historia ya Roma hata juujuu amekaririshwa tarehe moja: 17 Machi 180. Siku hiyo Marcus Aurelius, kaisari mwanafalsafa, alifariki akiwa vitani upande wa mto Danube, akamwachia dola mwanawe Commodus, kijana wa miaka 18. Hapo, tunaambiwa, enzi njema ikafa. Seneta Cassius Dio, aliyeishi zama hizo, aliandika hivyo. Edward Gibbon akaipigia muhuri hukumu hiyo mwaka 1776, na vitabu vya kiada vinairudia hadi leo.

Nimefundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, na hukumu hiyo haijawahi kunikaa sawa. Marcus analaumiwa kwa kumrithisha mwanawe wa kumzaa, ilhali waliomtangulia waliasili watu wenye uwezo. Lakini Nerva, Trajan, Hadrian na Antoninus Pius hawakuwa na mtoto wa kiume aliye hai. Wangefanyaje? Tena Commodus alishafanywa mshirika wa baba yake kwenye kiti tangu 177, na baba alipofariki hakuna aliyenyanyua upanga. Alitawala vibaya, sibishi. Aliuita mji wa Roma kwa jina lake, akaingia uwanjani kupigana kama mtumwa. Na aliponyongwa usiku wa 31 Desemba 192, katika njama ya suria wake, msimamizi wa kasri na mkuu wa walinzi wake mwenyewe, kulipokucha Seneti ilikuwa na kaisari mwingine, mzee mwenye heshima. Dola ilikuwa bado inapumua.

Mzee huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia. Publius Helvius Pertinax alikuwa mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru. Alianza maisha kwa kufundisha sarufi, na nakiri ninampendelea kwa hilo. Akaacha chaki, kama wengi wetu tulivyotamani kufanya, akaingia jeshini, akapanda hadi kuwa gavana wa Afrika na kisha mkuu wa mji wa Roma. Alipokalia kiti akiwa na miaka 66, hazina ilikuwa na sesterti milioni moja tu. Akanadisha mali ya Commodus: magari, nguo za hariri, hata watumwa. Akawaahidi walinzi wa kaisari sesterti 12,000 kila mmoja, huku akiwakaza wasiwaonee raia. Hilo la pili hawakumsamehe.

Tarehe 28 Machi 193 askari wapatao 200 waliingia kasrini na panga mikononi. Angeweza kukimbia. Alitoka kuwakabili, akawasemesha, na kwa kitambo wengine waliinamisha vichwa. Kisha mmoja akamchoma. Kichwa chake kikabebwa juu ya mkuki hadi kambini. Alikuwa ametawala siku 87.

Yaliyofuata yangefaa mnada wa ng'ombe wa Pugu. Ndani ya kambi alikuwamo Sulpicianus, mkwe wa marehemu, aliyetumwa kutuliza askari, na sasa anakitaka kiti kabla damu haijakauka. Nje ya ukuta alisimama Didius Julianus, seneta tajiri. Askari wakapeleka dau kwa huyu na kulirudisha kwa yule. Sulpicianus alipofika 20,000 kwa kila askari, Julianus akaruka mpaka 25,000, akifungua vidole kuonyesha kiasi. Akafunguliwa lango.

Mtu ataniambia kwamba fedha kwa walinzi haikuwa jambo geni. Kweli. Claudius aliwapa 15,000 mwaka 41, na Marcus huyuhuyu, kipenzi cha wanafalsafa, aliwaahidi 20,000 alipotawazwa mwaka 161, zaidi ya alivyoahidi maskini Pertinax. Ila ile ilikuwa takrima ya mtu aliyekwishapata kiti. Mwaka 193 kiti chenyewe kiliwekwa sokoni, mchana kweupe, na walioua ndio waliouza. Baada ya hapo kila jemadari alielewa kwamba mwenye askari wengi hahitaji hata kulipa dau.

Watatu walielewa mara moja, mmoja Syria, mmoja Uingereza, na wa tatu kwenye mto Danube. Aliyeshinda ni huyo wa Danube, Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika pwani ya Libya ya leo. Julianus aliuawa baada ya siku 66. Severus akawaita wale walinzi bila silaha, akawazungushia jeshi lake, akawafukuza wote, na nafasi zao akawapa watu wake mwenyewe. Soko halikufungwa, lilibadili wenyewe tu. Dio anasimulia kwamba Severus alipokuwa anakufa mjini York mwaka 211, aliwausia wanawe wapatane, wawatajirishe askari, na wengine wote wasiwajali. Mmoja wao, Caracalla, alimuua nduguye kabla mwaka huo haujaisha. Wasia kuhusu askari aliushika.

Kati ya 235 na 284 walitawala makaisari zaidi ya 20, na wengi wao waliuawa na askari wao wenyewe. Walimu wenzangu mlio bado darasani, mkifika mada hii, futeni 180 ubaoni na mwandike 193.