Tunapoogopa kumuudhi mwenyeji

Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya barua yake, anatuonya tusimpe kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu huku maskini tukimwambia asimame kule. Ndugu msomaji, Jumapili ya leo tulitafakari onyo hilo kwa kuangalia ziara ya kriketi ambayo haikufanyika.

Mwaka 1968 timu ya Uingereza ilikuwa ikijiandaa kwenda kucheza Afrika Kusini. Miongoni mwa wachezaji wake alikuwamo Basil D'Oliveira, mzaliwa wa Cape Town. Kwa sheria za makaburu alihesabiwa kuwa chotara, hivyo hakuweza kuichezea timu ya taifa ya nchi aliyozaliwa. Mwaka 1960 alihamia Uingereza kwa msaada wa mtangazaji John Arlott, na mwaka 1966 akaingia timu ya taifa ya huko.

Agosti 1968, katika mechi dhidi ya Australia jijini London, D'Oliveira alipata mikimbio 158 na Uingereza ikashinda. Siku chache baadaye majina ya watakaosafiri yakatangazwa. Lake halikuwamo. Klabu ya MCC, iliyosimamia ziara hizo, ilisema sababu ni za kimchezo tu. Kumbe baadhi ya wakubwa wa klabu walikwisha kudokezwa mapema mwaka ule kwamba makaburu wasingempokea.

Septemba, mchezaji Tom Cartwright alijitoa kwa kuwa ni majeruhi, na D'Oliveira akaitwa kushika nafasi. Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, John Vorster, akaikataa timu hiyo. Tarehe 24 ziara ikafutwa.

Dhambi ya Vorster haihitaji maelezo. Inayonisumbua mimi ni ile ya waungwana wa London. Sidhani kwamba walimchukia D'Oliveira. Walitaka tu safari iende salama na mwenyeji asikasirike. Ubaguzi hauhitaji watu wengi wenye chuki. Unatosheka na watu wema wanaonyamaza.

Wapo ambao hawakunyamaza. David Sheppard, mchungaji wa Kianglikana aliyewahi kuwa nahodha wa Uingereza, na wanachama wenzake walidai mkutano maalumu wa MCC, uliofanyika Desemba 1968. Walishindwa kwa kura. Lakini wingi wa kura hauugeuzi uongo kuwa kweli. Sheppard baadaye akawa askofu wa Liverpool, akafanya kazi bega kwa bega na Askofu Mkuu Mkatoliki Derek Worlock. Nazo Uingereza na Afrika Kusini, tangu ziara ya 2004–05, zikaanza kushindania kombe lenye jina la D'Oliveira.

Tusiishie kuwanyooshea kidole wa mbali. Katika jumuiya zetu, mama mjane mwaminifu, anayejua kutunza hesabu, huachwa nje ya uongozi ili tusimuudhi mfadhili anayemtaka mtu wa kabila lake. Kisha tunasema, "Hana uzoefu." Hizo ndizo sababu zetu za kimchezo.

Kabla hujainua mkono kwenye kikao kijacho, jiulize: sababu ninayoitamka ndiyo iliyomo moyoni? Kama sivyo, ushushe mkono huo, useme kweli, hata ukibaki peke yako. Mungu, asiyependelea uso wa mtu, atujalie ujasiri huo. Amina.