Mega ya kujifunza si mega ya kuchezea

Kila mutu wa mugodi anajua neno «recyclage». Hata kama umeendesha kamio kubwa miaka 10, siku inafika wanakuita tena mu salle. Wanakukumbusha kofia, viatu, mukaba, namna ya kupita pembeni ya mashini, fasi ya kukimbilia moto ukiwaka. Hakuna mwenye kusema ni kupoteza wakati. Mashini zinabadilika, sheria zinabadilika, na mutu mwenye ameacha kujifunza anakuwa hatari kwake mwenyewe na kwa wenzake. Na ile siku, kampuni njo inalipa.

Sasa, mu nyumba mingi za Kolwezi, Likasi, Kipushi na Lubumbashi kuko mwana mwenye anafanya kazi ingine: anachora. Wanamuita «graphiste» ao «designer». Anatengeneza panneau ya depo ya unga, mualiko wa ndoa, tricot ya kilio yenye picha ya marehemu, etiketi ya chupa ya maji, affiche ya kanisa. Kazi yake pia inabadilika kila mwaka. Lakini hakuna kampuni inamuita mu salle. «Recyclage» yake anaifanya yeye mwenyewe, mu telefone: podikasti mu masikio, video za YouTube usiku. Na asubui fujo inaanza mu nyumba: «Mega za juzi zimekwisha tena? Unakula mega sawa mukate?»

Sisi tunasema hivi: ile mega ni franga ya kazi, sawa vile franga ya kununua nyundo ao cherehani. Lakini ni franga ya kazi kama tu mwana anaitumia kwa akili, na kama wazazi wanamuuliza maulizo yenye kufaa. Lile ulizo la «mega zimekwisha tena?» peke yake halisaidie mutu.

Kuchora kuko na wazee wake

Kuchora si kazi ya jana mu Katanga. Mwaka 1946, Mufaransa mumoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua atelier mu Élisabethville, mji wenye leo tunaita Lubumbashi. Watu waliiita «Le Hangar». Pale njo kulitoka Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga, wenye majina yao yalifika mupaka Ulaya. Kisha, mu miaka ya 1970, Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia ya inchi yetu mu picha zaidi ya 100. Na leo Sammy Baloji, mwana wa Lubumbashi, anachukua picha za zamani za mugodi na kuzifanya ziseme mambo mapya.

Zamani kijana alikuwa anakaa pembeni ya mukubwa na kuangalia mukono wake. Brosi ilikuwa ile ile mwaka huu na mwaka wenye kufuata. Leo chombo chenyewe kinabadilika kila siku. Mwaka 2013, Adobe iliacha kuuzisha matoleo mapya ya programu zake kubwa kwa malipo ya mara moja. Tangu pale unalipa kila mwezi. Kijana wa kwetu mwenye hana karte ya banki, afanye namna gani? Kuko programu za bule na za halali: GIMP kwa picha, Inkscape kwa logo na panneau, Blender kwa vitu vya kuzunguka pande zote. Lakini mu mashule mingi yetu hawafundishe zile. Mwalimu wake iko mu telefone. Njo maana hatuwezi kusema telefone ni mchezo tu.

Kitu gani wanasikiliza?

Podikasti ni radio yenye unaweka mu mufuko. Neno lenyewe lilianza kutumika mwaka 2004. Haungoje saa ya emission: unaipakua, unasikiliza wakati unataka, unarudilia fasi yenye haukusikia muzuri. Mwaka 2005, mama mumoja wa New York, Debbie Millman, alianza «Design Matters»: anaita wachoraji na watengenezaji wakubwa, anawauliza walianzia wapi, walianguka wapi, waliamuka namna gani. Mwaka 2010, Roman Mars alianza «99% Invisible» kule California. Ule anaeleza vitu vyenye tunapita pembeni yao kila siku bila kuona kama kuko mutu alikaa chini akavifikiria: mulango, alama ya njia, bendera.

Tuchukue ile ya bendera, juu inafaa hapa kwetu. Mwaka 2015 Roman Mars alitoa hotuba juu ya bendera za miji ya Marekani. Alisema nyingi ni mbaya kwa sababu moja: waliweka ndani kila kitu, na maandishi, na muhuri wa mji, mupaka hauone hata kimoja. Alitaja Pocatello, mu jimbo la Idaho, yenye wapenzi wa bendera walikuwa wameiweka ya mwisho kabisa mwaka 2004. Wenyeji walisikia haya. Mwaka 2017 mji ulichukua bendera mupya.

Somo liko rahisi. Chukua karatasi, chora kasanduku kadogo ka santimetre 4 kwa 2 na nusu. Weka ndani ile panneau yenye unataka kutengeneza. Kama haionekane mu kale kasanduku, basi hata ile kubwa haitaonekana na mutu mwenye iko metre 30. Kijana mwenye alisikia vile usiku, na asubui akakamata kalamu, amejifunza. Ile ilimuomba mega kidogo na karatasi moja.

Luga na bei ya mega

Kuko vizuizi mbili, tusifiche. Cha kwanza ni luga. Zile podikasti mbili ni za Kiingereza. Lakini kuko na za Kifaransa. OpenClassrooms, yenye ilianza mwaka 1999 na jina la «Site du Zéro», inatoa masomo ya kusoma, na mengi ni ya bule. Shene ya Grafikart inafundisha kutengeneza site za intaneti. Na video za YouTube mara mingi unaweza kuziwekea maandishi ya chini yenye kutafsiriwa mu Kifaransa. Tafsiri ile haiko safi, lakini mutu mwenye anajua kazi anaelewa. Na kijana mwenye anasikiliza Kiingereza cha kazi yake kila siku, kisha mwaka muzima anakuwa na kazi na luga pia.

Cha pili ni bei. Hapa wazazi wanafaa kujua hesabu. Saa 1 ya podikasti, sauti peke yake, inakula mega kati ya 30 na 60. Saa 1 ya video yenye picha safi sana inaweza kupita mega 1 000. Kwa hiyo, mwana mwenye anajua kazi anachagua. Mambo ya kusikia, kama maisha ya mukubwa fulani ao namna ya kuongea na kliya, anayachukua kwa sauti. Mambo ya kuona, kama fasi gani ya kufinya mu Inkscape, anayachukua kwa video, lakini anashusha ubora wa picha. Maandishi ni mepesi kupita vyote. Na fasi kuko wifi, anapakua podikasti za juma muzima, kisha anapitishia wenzake kwa Bluetooth. Forfe ya mutu mumoja inaweza kufundisha watu 5.

Mitego

Sasa tuongee na vijana wenyewe. Kusikiliza si kujua. Kuko wenye wanaangalia video 3 kila usiku, wanajua majina ya walimu wote wa Amerika, lakini ukiwaomba kazi yenye walimaliza, hakuna. Mutu hajifunze kuogelea kwa kuangalia muto. Sharti tunalitoa hivi: saa 1 ya kusikiliza, saa 2 za kuchora. Kama haukuchora, usifungue ingine.

Ya pili: kufuata video hatua kwa hatua kunakufundisha chombo, hakukufundishe kazi. Andrew Price, wa shene ya Blender Guru, alifundisha watu wengi sana kutengeneza beignet mu Blender. Ni somo zuri. Lakini kila mwenye alilifuata ana beignet ile ile. Mama wa depo ya unga haombe beignet. Anaomba gunia lake lionekane katikati ya magunia ingine 10 mu soko. Chukua chombo kwa mwalimu wa mbali, lakini kazi itoe kwa mama wa depo.

Ya tatu: shene zinaishi na matangazo. Kuko wenye wanajulisha kweli, na kuko wenye wanapiga kelele «utapata dola kila siku», kisha mwisho wanakuuzisha somo. Mwalimu wa kweli anakuonyesha kazi yake mwenyewe, na anakuonyesha fasi ilimushinda. Ule mwenye anaonyesha motokari yake tu, acha.

Baba wa mugodi ni mwalimu pia

Kuko kitu kimoja hakuna podikasti ya New York itamupa mwana wako. Weye njo uko nacho.

Angalia panneau za kazini. Duara nyekundu yenye mustari wa kukata: kitu kimekatazwa. Duara ya bluu: ni lazima, vaa kofia, vaa viatu. Pembe tatu ya manjano na nyeusi: hatari. Kijani: njia ya kuokokea, fasi ya huduma ya kwanza. Zile rangi si mapenzi ya mutu; ziko mu kanuni ISO 7010, yenye inafuatwa mu inchi mingi. Kusudi ni hivi: Muchina, Mukatanga, mutu wa Afrika ya Kusini na mutu mwenye hakusoma, wote waelewe mara moja bila kusoma neno. Ile ni kazi ya designer, na kazi ile inaokoa maisha.

Lakini weye njo unajua vumbi inafunika panneau gani kila juma. Weye njo unajua rangi gani inapotea chini ya taa ya kofia, na alama gani waliweka juu sana mupaka mutu wa ndani ya kamio haioni. Mukaribishe mwana wako akuulize. Mutolee saa moja siku ya mungu kisha bukari, umuonyeshe na kidole mu karatasi: hapa tunageuka, hapa tunaona, hapa hatuoni. Ma designer wakubwa mu zile podikasti wanasema kila mara ya kwamba kazi inaanzia kwa mutu mwenye atatumia kitu. Mutu ule, mu mji wetu, njo weye.

Kwa nini ni haraka

Mugodi unatukulisha, lakini mugodi haukuahidi kitu. Mwaka 2003 na 2004, watumishi zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa ile programu ya «départs volontaires». Wazee wengi walirudi nyumbani na mukono wenye ulijua kazi moja tu. Mwezi wa pili 2025, serikali ilisimamisha kutosha cobalt inje ya inchi, na mu mwezi wa kumi ikaweka kiasi kwa kila kampuni. Wengi wetu tulihesabu franga kwa woga. Nyumba yenye iko na kazi mbili inalala muzuri kupita yenye iko na moja.

Hatusemi kila mwana mwenye telefone atakuwa designer. Wengine watajaribu, itawashinda, watashika kazi ingine. Hiyo haiko haya. Kisha miezi 6, wazazi waombe kuona: kazi ngapi zimeisha, nani alilipa, nini kimekuwa kizuri kupita ya kwanza? Kama jibu liko, muongezee mega. Kama haliko, muongee.

Na kampuni pia tunaziomba kitu. Sheria ya migodi, vile ilibadilishwa mwezi wa tatu 2018, inazidai angalau 0,3% ya «chiffre d'affaires» kwa maendeleo ya wenyeji. Mara mingi tunaomba maji, masomo, hopitali, na ni haki. Wakati wajumbe wa kartie yenu wanakaa ku meza, waongeze na hii: chumba kimoja chenye wifi, ordinatere 10 na programu za bule, na mukubwa mumoja wa kazi mwenye anapita kila juma kusahihisha. Juu podikasti inasema, lakini haisikilize. Haiwezi kukuambia kama ile herufi yako ni ndogo sana. Na panneau za kazini zikitafutwa, vijana wa hapa waitwe nao kwa jaribio, wapimwe kwa kanuni ile ile ya wengine. Wakishindwa, washindwe kwa haki. Wakipita, walipwe.

Betri za telefone mingi ziko na cobalt ndani, na zaidi ya nusu ya cobalt ya dunia inatoka hapa kwetu. Baba aliitosha mu udongo. Ni haki telefone irudi nyumbani na kitu cha kumufundisha mwana.