Nani ahesabu wanyama wa Tanzania?

Mwezi Septemba mwaka 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu, alitoa mjini Arusha tamko ambalo mpaka leo hukumbushwa kila inapozungumzwa hifadhi ya wanyamapori. Sehemu inayopendwa ni ile ya kuwaahidi wajukuu wa Tanganyika kwamba wataurithi utajiri huo. Sehemu isiyotajwa sana ni ile iliyosema kuwa kazi ya kuhifadhi yataka elimu maalumu, watu waliofunzwa na fedha, na kwamba Tanganyika ilitazamia ushirikiano wa mataifa mengine. Lilikuwa ombi la haki kabisa. Chuo Kikuu chenyewe kilifunguliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba mwaka huo huo, kikiwa na kitivo kimoja tu, nacho ni cha sheria.

Ombi lilipata majibu. Mwaka 1963 Chuo cha Mweka kilianza katika miteremko ya Kilimanjaro, na mwaka 1966 ikaanzishwa Taasisi ya Utafiti ya Serengeti. Matunda yake hayana ubishi. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa kiasi cha 250,000. Ilipofika mwaka 1977 walikuwa wamekaribia 1,400,000. Watafiti ndio walioeleza sababu: ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi walipochanjwa dhidi ya sotoka, ugonjwa ulikoma kwa nyumbu pia, na ndama waliokuwa wakifa kwa wingi wakaishi. Inafaa kukumbuka kwamba waliowapeleka ng'ombe hao kuchanjwa walikuwa wafugaji.

Zaidi ya miaka 60 imepita tangu tamko lile. Vyuo vipo. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania iliundwa kwa sheria mwaka 1980. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha hufundisha hadi shahada ya uzamivu. Kwa hiyo haitoshi tena kuuliza kama Taifa lina pa kuwasomesha vijana wake. Linalopasa kuulizwa ni kwamba kijana aliyehitimu shahada ya kwanza, mwenye akili na hamu ya kuchunguza, hupata wapi nafasi ya kuendelea na utafiti. Na akiipata, anachunguza swali la nani.

Utafiti wa porini ni ghali. Unahitaji gari lenye nguvu, mafuta, hema, malipo ya msaidizi, na miezi mingi ya kukaa mbali na nyumbani. Mwanafunzi wa uzamili asiye na mfadhili hujikuta akibadili mada mpaka ilingane na nauli aliyo nayo mfukoni. Mara nyingi mlango ulio wazi ni wa mradi wa chuo cha ng'ambo, nao humpokea kama mkusanyaji wa takwimu. Takwimu zikitimia, husafiri, yeye hubaki. Ni kweli kwamba mtafiti mgeni hutakiwa kuwa na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kufanya kazi pamoja na mwenzake wa hapa nchini. Utaratibu huo ni mzuri. Lakini mwenzake huyo anaweza kuwa mtafiti kamili, na anaweza pia kuwa jina lililojazwa katika fomu ili kibali kitoke. Wanaosoma maombi hayo wanaijua tofauti, na wanayo mamlaka ya kuuliza: je, katika mradi huu kuna kijana Mtanzania atakayetoka na shahada, na jina lake juu ya maandishi?

Hasara ya kutokuwa na watafiti wa kutosha si ya kinadharia. Hesabu ya tembo ya mwaka 2009 ilionyesha kuwa nchi ilikuwa na tembo zaidi ya 109,000. Hesabu ya mwaka 2014 ilikuta karibu 43,000 tu. Kati ya hesabu hizo mbili ni miaka mitano, na katika miaka hiyo mauaji yalikuwa yakiendelea. Hesabu ya ndege ni kazi ya gharama kubwa, haiwezi kufanywa kila mwezi. Lakini chini, katika mapori hayo hayo, wapo wachungaji, warina asali na wavuvi wa mabwawa, ambao huiona mizoga kabla ya rubani yeyote. Wengi wao hunyamaza, na si kwa kutojali: mtu anayetoa habari ya mzoga huogopa kuulizwa kwanza yeye mwenyewe alikwenda kufanya nini huko. Mwanafunzi anayekaa kijijini miezi sita, akila na watu na kujulikana kwa jina, anaweza kuambiwa mambo ambayo askari mwenye bunduki hataambiwa.

Hapa ndipo inapoingia ile inayoitwa sayansi ya wananchi, yaani utafiti ambao watu wasio wataalamu hushiriki kuangalia, kuhesabu na kuandika. Mfano wake mkubwa mmoja umetoka hapa hapa nchini. Tangu mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walitega kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125 za Serengeti. Mnyama apitapo mbele yake, kamera hujipiga yenyewe. Kufikia mwaka 2013 zilikuwa zimepatikana seti za picha 1,200,000, mzigo mzito mno kwa mtaalamu mmoja. Picha zikawekwa katika mtandao wa intaneti, na umma ukaombwa kutaja mnyama aliyemo, idadi yake na alilokuwa akifanya. Waliojiandikisha kusaidia walizidi 28,000, nao walitoa majibu milioni 10.8. Kila picha ilitazamwa na watu kadhaa, na jibu lililokubaliwa na wengi ndilo lililochukuliwa.

Kazi hiyo ni ya kusifiwa, wala hakuna sababu ya kuionea kijicho. Ila inawajibu vizuri wale wanaodai kwamba takwimu za watu wa kawaida haziwezi kuaminiwa. Ikiwa mtu aliyekaa mbele ya kompyuta katika mji wa mbali, asiyepata kumwona pofu kwa macho yake, anaaminiwa kumtofautisha na nyamera, basi mwanafunzi wa sekondari wa Serengeti au Bunda, ambaye huamka asubuhi akikuta nyayo shambani kwa baba yake, ataaminiwaje kidogo kuliko huyo? Kinachotakiwa ni utaratibu ule ule: watu wengi kuangalia kitu kimoja, na mtu mmoja aliyesoma kuyalinganisha majibu.

Kando ya Hifadhi ya Ruaha jambo hilo limejaribiwa. Mradi wa utafiti wa wanyama wala nyama, ulioanza mwaka 2009, ulivikabidhi vijiji kamera ili watu wenyewe wazitunze katika ardhi yao. Kijiji hupata alama kwa kila mnyama wa porini aliyepigwa picha, na alama hugeuzwa kuwa msaada wa shule, zahanati na dawa za mifugo. Simba anayepita salama huleta vitabu. Mwanakijiji ambaye jana alimhesabu simba kwa idadi ya ng'ombe aliowaua, leo anayo sababu ya kumhesabu kwa namna nyingine.

Wala elimu ya mwananchi haikuanza na kamera. Wanyakyusa wa kuuzunguka mlima Rungwe walikuwa wakimtaja nyani mwenye haya, mkaa vileleni mwa miti, wakimwita kipunji. Watafiti walipoyasikiliza mazungumzo ya wawindaji na kuyafuatilia, walimwona mwaka 2003. Mwaka 2005 akatangazwa duniani kuwa mnyama mpya kwa sayansi. Mzoga uliopatikana katika mtego wa mkulima uliwawezesha wataalamu kumchunguza kwa undani, na mwaka 2006 ikaonekana kuwa alistahili kuwekewa jenasi yake peke yake, jambo lililokuwa halijatokea kwa nyani wa Afrika kwa miaka 83. Mnyama huyo hakuwa mpya kwa mtu yeyote wa Rungwe. Mwanafunzi wa shule ya huko, kama angeliandika jina hilo katika mtihani mwaka 2000, pengine angekosa alama.

Watumishi wa Serikali nao wanacho hazina ambayo hawaiiti hazina. Tembo anapovunja shamba la mahindi, au mamba anapomchukua mtoto mtoni, mwananchi huomba kifuta jasho au kifuta machozi kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2011. Ombi hilo haliwezi kuandikwa bila kutaja kijiji, siku, mnyama na hasara. Mtendaji wa kijiji huliandika, ofisa wanyamapori hulikagua, na jalada huwekwa kabatini. Wenye mashamba hulalamika kwamba malipo huchelewa, na wana haki ya kulalamika. Lakini zaidi ya malipo, makabati hayo ya wilaya yamejaa habari za miaka mingi: tembo wameanza lini kupita bonde fulani, ni mwezi gani wa kulinda mazao, ni zao gani hawaligusi. Maelfu ya wakulima wamekwisha kuifanya kazi ya kukusanya. Kinachokosekana ni mwanafunzi wa uzamili wa kuketi na majalada hayo, kisha kwenda vijijini kuyathibitisha. Utafiti huo hauhitaji ndege. Unahitaji meza, nauli ya basi, na ofisa ambaye hatayaona majalada kuwa siri yake.

Zaidi ya hayo, mtu anayefaa kabisa kuifanya kazi hiyo mara nyingi amekaa katika ofisi hiyo hiyo. Ni ofisa kijana wa wilaya mwenye shahada ya kwanza, aliyeomba ruhusa ya masomo mara mbili akajibiwa kuwa hakuna wa kushika nafasi yake. Tatizo la upungufu ni la kweli. Hata hivyo, akiruhusiwa kuandika tasnifu yake kuhusu wilaya yake mwenyewe, nusu ya muda wake atakuwa kazini.

Kwa upande wa walimu, haifai kuwaongezea mzigo kwa maneno matamu. Mwalimu mwenye darasa la watoto 90 hawezi kuambiwa awe mtafiti bila kupewa chochote. Lakini somo la sayansi lipo katika ratiba, na bwawa lipo nyuma ya shule. Kuhesabu ndege wa bwawa kila Ijumaa, kuandika siku mbayuwayu walipofika, kuorodhesha majina ya wanyama kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali: hayo ni mazoezi ya sayansi, na yakifanywa miaka mitano mfululizo katika shule 20 ni utafiti. Sharti lake ni kwamba matokeo yarudi. Daftari likichukuliwa na msomi lisionekane tena, mwaka wa pili watoto hawatahesabu, na mwalimu hatawalazimisha. Tasnifu iliyoandikwa kwa Kiingereza ipelekwe shuleni ikiwa na kurasa mbili za Kiswahili, na majina ya shule zilizohesabu yawe ndani yake.

Mwaka wa masomo wa vyuo vikuu huanza Oktoba, na mada za utafiti huchaguliwa miezi ifuatayo. Mkurugenzi wa Halmashauri yoyote inayopakana na hifadhi anaweza kuwaandikia wakuu wa idara husika kabla ya wakati huo, akitaja ni majalada gani anayo, ni vijiji gani vina matatizo, na ni ofisa gani yuko tayari kusoma. Na nakala ya barua hiyo apelekewe Ofisa Elimu.