Tuwaheshimu mashujaa hata tunapoandamana



Napenda nami nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo limetokea mara kadhaa katika miji mikubwa ya dunia. Jambo lenyewe ni la watu kuandamana kwa sababu zao, pengine sababu za haki kabisa, na kisha kuishia kupanda, kuchora au kuchezea minara iliyojengwa kuwakumbuka waliokufa vitani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, katika Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Wilaya yetu ndiyo yenye makaburi ya mashujaa ya Kaboya, walikozikwa askari wetu waliokufa katika vita vya mwaka 1978 na 1979 dhidi ya majeshi ya Idi Amin. Kwa hiyo, jambo hili kwetu si hadithi ya mbali.

Kwanza kabisa napenda nieleweke. Siandiki kupinga maandamano. Ibara ya 20 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kukutana na wenzake kwa hiari na kwa amani. Uhuru wa nchi hii ulidaiwa katika mikutano ya hadhara. Viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, ambako wananchi walikusanyika kumsikiliza Mwalimu Nyerere wakati wa kudai uhuru, ndiko pia uliko Mnara wa Mashujaa. Mahali pamoja pameweza kubeba sauti ya walio hai na heshima ya waliokufa. Ninachouliza ni hiki: je, mwenye madai hawezi kuyatoa bila kumkanyaga marehemu?

Tutazame mfano wa London. Katika barabara ya Whitehall kuna mnara uitwao Cenotaph, maana yake kaburi tupu. Mwanzo ulijengwa kwa mbao na plasta, kwa ajili ya gwaride la amani la Julai 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wananchi walirundika maua hapo kwa wingi, hata serikali ikaamua ujengwe upya kwa mawe. Ulizinduliwa tarehe 11 Novemba 1920. Mnara huo hauna jina la mtu hata mmoja, wala alama ya dini yoyote. Uliwekwa kwa ajili ya watu ambao wengi wao miili yao haikurudi nyumbani, ili mama aliyempoteza mwanawe apate mahali pa kuweka ua lake.

Mwezi Desemba 2010 wanafunzi waliandamana mjini humo kupinga kupandishwa kwa ada za vyuo vikuu. Kijana mmoja akaning'inia kwenye bendera ya mnara huo. Madai ya wanafunzi yalikuwa mazito, maana mtoto wa maskini ndiye aliyekuwa akifungiwa mlango wa elimu. Lakini siku iliyofuata watu hawakuzungumza ada tu; walizungumza ile bendera. Mwezi Juni 2020, wakati wa maandamano ya kulaani kuuawa kwa George Floyd huko Marekani, mtu mmoja alijaribu kuichoma moto bendera ya mnara huo huo. Hatimaye ukafunikwa. Mamia ya watu waliokuwa wakililia haki ya mtu mweusi wakajikuta wakijibu kosa la mmoja. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ndivyo adui wa madai yako atakavyosema, na wewe ndiwe utakayekuwa umempa samaki huyo.

Hata hivyo, tusidhani kwamba wakosaji ni waandamanaji wa upande mmoja tu. Tarehe 11 Novemba 2023 yalipangwa maandamano makubwa mjini London ya kutaka vita visimamishwe Gaza. Waandaaji walipanga yaanze mchana, baada ya zile dakika mbili za kukaa kimya saa tano asubuhi, na njia yao haikupita kwenye mnara. Walioleta vurugu karibu na Cenotaph asubuhi hiyo walikuwa kundi jingine, lililodai kwamba limekuja kuulinda. Walisukumana na polisi na kupiga kelele wakati ambapo wengine walikuwa wamekuja kuinamisha vichwa. Hapa pana funzo kubwa. Mtu anaweza kulitaja jina la shujaa kwa sauti kubwa kuliko wote, na bado akawa ndiye anayemvunjia heshima. Kumheshimu marehemu ni kutulia mbele yake, si kumfanya ngao ya ugomvi wako.

Siku chache baadaye, katika mwezi huo huo, watu wengine walipanda juu ya mnara wa kikosi cha mizinga ulioko Hyde Park Corner. Ilionekana kwamba hapakuwa na sheria iliyokataza kitendo cha kupanda peke yake. Mwaka 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kusudio la kukifanya kuwa kosa, kwa adhabu ya kifungo kisichozidi miezi mitatu na faini ya pauni 1,000. Sheria ina mahali pake. Lakini mimi kama mwalimu najua kwamba fimbo humfanya mtoto aogope, haimfanyi aheshimu. Heshima hufundishwa.

Pengine msomaji atasema, "Mambo ya London yanatuhusu nini sisi?" Yanatuhusu sana. Vita ile ya mwaka 1914 hadi 1918 ilipiganwa hapa kwetu pia. Wazee wetu walichukuliwa kuwa askari, na wengi zaidi walichukuliwa kuwa wapagazi, wakabeba vyakula na risasi vichwani kupita maporini, mvua na jua. Walikufa kwa njaa, malaria na kuhara kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi. Leo tunakwenda Kariakoo kununua viatu na madaftari, na wengi wetu hatujui kwamba tunataja jina la wafu wasio na makaburi.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa iliyokiri jambo hilo. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao popote, au hawakukumbukwa kabisa. Wazungu waliwekewa jiwe lenye jina kila mmoja. Wetu wakahesabiwa jumla kama magunia. Serikali ya Uingereza iliomba radhi Bungeni mwaka huo huo.

Ndiyo maana Sanamu ya Askari, iliyosimama katikati ya jiji la Dar es Salaam tangu mwaka 1927, kwangu si pambo la mji. Yule askari wa shaba mwenye bunduki na singe hana jina, lakini kwa maelfu ya familia za nchi hii hilo ndilo kaburi pekee walilopewa. Anayemchora rangi au kumpanda mabegani hamkomoi mkoloni. Anapanda juu ya kaburi la babu wa mtu, na huenda ni babu yake mwenyewe.

Najua wapo watakaouliza: je, kila sanamu ni ya kuheshimiwa, hata ya mtawala aliyetutesa? La hasha. Wakati wa Wajerumani ilikuwapo Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuja na bunduki kuwatiisha watu wa pwani. Alichongwa amesimama juu, na chini yake askari Mwafrika akimtazama kwa unyenyekevu. Waingereza waliiondoa katika vita ile ile ya kwanza. Baadaye ilisimamishwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1922, na wanafunzi wa huko wakaiangusha mwaka 1967 na tena mwaka 1968. Sanamu ya namna hiyo haimkumbuki aliyekufa, inamtukuza aliyeshinda. Wananchi wana haki ya kujadili iendelee kusimama au iende makumbusho. Lakini mnara wa waliokufa vitani ni kitu kingine. Askari wa kawaida hakuamua vita. Alipelekwa, akafa, akaacha mjane. Hawezi kujibu hoja zetu, na si haki kumfanya adui au mshirika wetu.

Kwa hiyo basi, natoa mapendekezo machache.

Kwanza, wanaoandaa maandamano popote waijue njia yao kabla ya siku. Kama kuna mnara wa mashujaa njiani, wawateue watu wao wenyewe wasimame kuuzunguka, watu wapite kwa utulivu. Mwandamanaji akizuiwa na mwenzake husikia upesi kuliko akizuiwa na askari.

Pili, wenye madaraka nao wasiitumie minara hii kuwa kisingizio cha kuwanyima wananchi haki ya kukusanyika kwa amani. Shujaa hakufa ili jina lake liwe kufuli.

Tatu, sisi walimu tuifanye Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, kuwa zaidi ya tarehe ya kwenye kalenda. Watoto huwaona viongozi redioni na katika televisheni wakiweka mkuki na ngao, sime na shada la maua kwenye mnara, lakini ni wangapi wanaoelezwa maana yake? Kila shule itafute majina ya watu wa kijiji chake waliokwenda vitani wasirudi, iyaandike katika daftari na kuyasoma kwa sauti mbele ya wanafunzi siku hiyo.

Nne, heshima isiwe ya siku ya vurugu tu. Kaburi linaloota magugu mwaka mzima limevunjiwa heshima, hata kama hakuna aliyeandamana juu yake. Vijiji vyenye makaburi ya askari viyasafishe bila kungoja mgeni rasmi.

Hapa kijijini wapo wazee wawili waliokwenda Uganda wakiwa mgambo. Walivuka Mto Kagera baada ya adui kuvunja daraja la Kyaka, na wenzao waliondoka nao hawakurudi wote. Mmoja wao nilimuuliza angependa tufanye nini kwa ajili ya wale walioachwa. Hakutaja fidia wala nishani. Alisema, "Mwalimu, wafundishe watoto majina yao." Hilo tunaweza kulifanya kesho asubuhi, na halihitaji bajeti.

Mtoto anayelijua jina lililo chini ya jiwe hatapanda juu ya jiwe hilo atakapokuwa mtu mzima, hata awe na hasira kiasi gani na hata madai yake yawe ya haki kiasi gani. Atapita, atavua kofia, kisha ataendelea na safari yake kwenda kudai anachodai.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Muleba, Kagera.