Msituambie Ni Ufundi Tu

Nimechoka kusikia kwamba kuhamishia maktaba za programu za kisayansi kwenye mfumo endeshi mpya ni "ufundi tu". Wanaosema hivyo wana makala majaridani. Sisi tunaohamisha tuna usiku mrefu.

Novemba 2020 Apple ilitoa macOS 11 na kompyuta za chipu ya M1. Matangazo yalisifu kasi na betri. Lakini maktaba ya SciPy, inayotegemewa na watafiti wengi, ilikuwa na msimbo mwingi wa Fortran, na kompaila huria ya gfortran ilikuwa bado haijaikubali rasmi chipu hiyo. Isitoshe, namba ya desimali iliyo pana kuliko zote katika lugha ya C ilikuwa na biti 80 kwenye Mac za Intel. Kwenye M1 ina 64. Msimbo uleule, data ileile, tarakimu za mwisho zinaweza kutofautiana. Na kompyuta haipigi kelele. Inatoa jibu, inanyamaza.

Nani atalikamata jibu hilo? Ni yule anayepitia majaribio yaliyofeli moja baada ya jingine, akijiuliza: hili ni kosa, au ni tofauti ya kawaida ya kukadiria? Huwezi kujibu bila kuielewa hesabu yenyewe. Kama hiyo si sayansi, sayansi ni nini?

Hata hivyo, vyeo vyuoni hupimwa kwa makala. Basi ninadai hivi: utafiti unaosimama juu ya maktaba hizi uweke mshahara wa mhamishaji kwenye bajeti, na kazi yake ihesabiwe anapoomba cheo. Shukrani za mstari mmoja mwishoni mwa makala hazilipi kodi ya nyumba.