Kadi Haijafa, Imefunikwa Kitambaa

Leo nimerudi na hasira, mnivumilie.

Jumamosi nilikuwa Keroka, mji ule ulio nusu Kisii nusu Nyamira. Binamu yangu huko huhariri video za harusi na matanga. Kompyuta yake ilikuwa inazimika kila akifika katikati ya kutoa video ya mwisho. Fundi mmoja akamwambia kadi ya michoro imekufa, eti joto la siku hizi limezidi, na nyingine ni shilingi 19,000. Hakufungua kasha. Hakupima kitu. Binamu alikuwa tayari anatafuta mtu wa kumuuzia kamera yake ya pili.

Joto la siku hizi? Keroka? Huku tunalala na blanketi mbili! Mombasa vijana wanacheza gemu usiku kucha kwenye nyuzi 30 na kadi zao ziko hai.

Nikamwekea GPU-Z, programu ya bure, tukaanza kutoa video huku tukitazama namba. Kadi yake ni GTX 1050 Ti, na NVIDIA wenyewe wameiandikia kikomo cha nyuzi 97. Dakika ya sita ilifika 96. Skrini nyeusi.

Sasa tukageukia kasha. Juu yake kulikuwa na kitambaa kizuri alichofuma shangazi, kimening'inia hadi nyuma na kuziba matundu yote ya kutolea hewa. Kukifungua ndani, mapezi ya alumini hayaonekani: vumbi jekundu limechanganyika na moshi wa kuni, limeshika kama lami. Chini ya mapezi, ile pesti ya kupitisha joto ilikuwa imekauka kama udongo wa kiangazi. Kadi hii hula hadi wati 75, kama balbu ile ya zamani, na karibu zote hutokea kwenye chipu iliyo sawa na ukucha wa kidole gumba. Bila pesti hubaki vijishimo vya hewa kati ya chipu na chuma, na hewa haipitishi joto vizuri. Utaona maajabu?

Tulitumia brashi ya rangi, blowa (shika feni kwa kidole isizunguke, ukiiacha ikimbie na upepo unaua beringi), spiriti ya kufutia na pesti mpya. Jumla haikufika shilingi 600. Tulipojaribu tena, nyuzi 71.

Kuna msomi atasema Kisii iko juu, mita kama 1,700, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani, kwa hiyo feni inabeba joto kidogo. Ni kweli kabisa. Lakini baridi yetu inafidia, na asilimia 15 haiwezi kushindana na kitambaa.

Na wale wa oveni, tafadhali! Kuoka kadi kama keki hakukuzuka hewani. Mwaka 2008 NVIDIA ilitenga dola milioni 150 hadi 200 kwa sababu chipu zake za laptopu zilitengenezwa kwa malighafi dhaifu, viungio vikawa vinapasuka kwa kupata moto na kupoa. Ukioka, viungio hushikana wiki kadhaa, halafu unarudi pale pale. Kwa hiyo ndiyo, kadi hufa. Ila mwenye vumbi hahitaji oveni, na mwenye chipu iliyopasuka haponi kwa oveni. Tena mnaoka kwenye oveni ya mikate ya watoto!

Siwachukii mafundi. Nusu ya ninachojua nilifundishwa kwenye vibanda vyao, wala si chuoni. Ninachokataa ni kumtajia mtu bei ya mwezi mzima kabla hujashika bisibisi. Ukiambiwa kadi imekufa, uliza: ilifika nyuzi ngapi? Akikosa namba, beba kompyuta yako uende.

Shangazi alinuna kidogo. Kitambaa kimehamia kwenye meza ya vikombe. Video ya matanga ya Nyansiongo ilimalizika saa nne usiku, na kamera haijauzwa.