Tovuti za Migahawa: Zipimeni kwa Kipimo cha Bodaboda

Leo naweka kando viwavi na pamba, nizungumzie sahani ya chakula. Usiseme afisa ugani amepotea njia. Kuku wako wa kienyeji, mchele wako na choroko zako huishia kwa mama lishe. Yeye akikosa wateja, nawe umekosa soko.

Msimu uliopita mgeni wangu, mnunuzi wa choroko kutoka Mwanza, aliingia Bariadi saa nane mchana akiwa na njaa. Akafungua tovuti moja ya kupendekeza mahali pa kula. Ikamletea hoteli mbili za kulala wageni, na mgahawa mmoja ambao tulipofika tulikuta panauzwa vipuri vya pikipiki. Basi akamuuliza kijana wa bodaboda. Muda si mrefu alikuwa mbele ya ugali, sato na mlenda, karibu na soko.

Maoni yangu ni haya: tovuti ya namna hiyo isisifiwe kwa uzuri wa picha zake. Ipimwe kwa yule kijana. Jiulize maswali 5:

1. Inajibu kwa Kiswahili? Mteja asihitaji kamusi ili ale.
2. Inafunguka kwenye simu ndogo? Picha nzito humaliza bando kabla hujaona hata jina la mgahawa.
3. Inaonyesha bei na chakula cha leo? "Bei nafuu" si jibu. Mtu anataka kujua wali kuku ni shilingi ngapi.
4. Inajua nani amefungua sasa? Taarifa ya zamani ni mbaya kuliko kukosa taarifa, kwa sababu inakutembeza juani bure.
5. Inaelekeza kwa alama tunazozijua? Kwetu tunasema "nyuma ya stendi" au "mkabala na mashine ya kukoboa".

Tovuti nyingi zinaanguka hapo, na sababu inaeleweka. TripAdvisor, kwa mfano, ilianza Marekani mwaka 2000, na nguvu yake ni maoni ya wasafiri. Penye maoni mamia, nyota zina maana. Kwetu mtu anakula, analipa, anaondoka bila kuandika chochote. Mgahawa wenye nyota 5 kutoka kwa watu 2, huenda hao wawili ni mwenye mgahawa na shemeji yake. Soma maneno waliyoandika na tarehe yake, usihesabu nyota tu.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema tuachane nazo. Bodaboda naye anaweza kukupeleka kwa dada yake. Tena hawezi kumsaidia mtu ambaye bado yuko kwenye basi. Kumbukeni Nanenane ya kitaifa pale Nyakabindi, 2018 hadi 2020: wageni walikuja kutoka kila kona ya nchi bila kumjua mtu. Na Lamadi kule Busega, watalii wa Serengeti hupita kila msimu. Watu hao huanza kuuliza simu. Mama lishe asiyeonekana humo, kwao hayupo, na kuku uliowalea miezi mingi wanabaki bandani.

Kwa hiyo fanya hivi. Kama una mgahawa, au una mama lishe unayemuuzia, mwingizeni kwenye Google Maps. Ni bure. Anayekudai fedha anakuuzia kazi ya mikono yake, si nafasi. Wekeni jina lililoko kwenye kibao, namba ya simu inayopokelewa, saa za kufungua, na picha ya chakula iliyopigwa mchana. Ombeni wateja waandike ukweli, wala msinunue sifa. Google hairuhusu maoni ya kulipiwa. Mkihama au mkifunga, rekebisheni siku hiyohiyo.

Na mpishi, usione haya kuandika michembe, maziwa mgando na kuku wa kienyeji. Chipsi mgeni ameziacha kwao.

Wiki hii tafuta kwenye simu jina la mgahawa unaoupelekea mazao yako. Usipouona, soko lako lina pengo, na kuliziba ni kazi ya nusu saa.